Jinsi ya Kuifuatilia Michigan Wolverines Msimu Mzima na Kuijua Historia Yake: Mwongozo Kamili

Kila Agosti hujitokeza watu wanaotaka kuanza kufuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani. Mmoja ana mdogo wake anayesoma huko. Mwingine ameona kipande cha mechi kwenye simu, uwanja umefurika watu laki moja na ushee, akavutiwa. Ikifika Oktoba wengi wameshaacha, na maswali yanayonifikia ni yale yale: Mbona nimeamka nikakuta mechi imekwisha? Kwa nini timu imeshinda halafu imeshuka nafasi? Yule mchezaji niliyemzoea kaenda wapi? Na hiyo historia ya tangu 1879 naianzia wapi?

Mwongozo huu unatumia timu moja, Michigan Wolverines ya Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor. Ukiimudu hii, Notre Dame au Alabama utazifuata kwa njia hiyo hiyo.

Shika jambo moja tangu sasa: usiutenge msimu wa sasa na historia. Anayepanga kumaliza msimu kwanza ndipo asome historia, haisomi kamwe. Kila Jumamosi Michigan inakutana na mpinzani, na karibu kila mpinzani ana kisa chake nayo. Kisome kisa hicho wiki hiyo hiyo. Desemba ikifika utakuwa umepita karne nzima bila kujua kama ulikuwa darasani.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye intaneti. Matokeo ya maandishi ya moja kwa moja yanakula bando dogo sana. Video ndiyo inayomaliza bando.
- Daftari. Kila mpinzani mpe ukurasa wake.
- Ratiba rasmi kutoka tovuti ya timu, mgoblue.com.
- Ukurasa wa matokeo ya moja kwa moja unaoonyesha kila mchezo mmoja mmoja. Wa ESPN unatosha.
- Kumbukumbu za zamani: Maktaba ya Bentley ya chuo chenyewe, yenye matokeo na orodha za wachezaji za kila msimu, na sports-reference.com kwa takwimu.
- Saa tatu na nusu kwa mechi unayoitazama yote, au nusu saa ya Jumapili kwa mechi uliyoikosa.

Usinunue jezi wala kulipia king'amuzi kabla ya wiki tatu kupita. Chaneli za ESPN zinazopatikana Afrika huonyesha baadhi ya mechi za vyuo, ila si lazima iwe ya Michigan, kwa hiyo tazama orodha ya wiki kabla ya kutoa fedha.

Onyo: tovuti za bure zinazokudai ubonyeze madirisha matano kabla ya kuona picha zitakuachia virusi kwenye simu. Afadhali usome maandishi, kisha utazame vipande rasmi YouTube asubuhi.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni timu yenyewe

Michigan si Michigan State. Ya kwanza ni ya buluu na manjano ya mahindi, iko Ann Arbor, na kwenye kurasa za matokeo huandikwa MICH. Ya pili ni ya kijani, iko East Lansing, huandikwa MSU, na ni hasimu wa ya kwanza. Halafu kuna Western, Central na Eastern Michigan, vyuo vingine kabisa.

Ndugu zetu walioko Lansing, wakiwemo wengi waliotoka Kongo, walitambue hili mapema. Hapo mtu yuko nyumbani kwa Michigan State, na kofia ya buluu itamletea maneno hata sokoni.

Mtego huu uko kwa wapinzani pia. Miami ziko mbili, moja Florida na nyingine Ohio. USC ni chuo cha Los Angeles, lakini watu wa South Carolina nao hujiita hivyo. Washington na Washington State ni timu mbili.

Tena, chuo hiki kina timu za michezo mingi, na zote zinaitwa Wolverines. Kwenye tovuti chagua "Football", la sivyo Novemba utajikuta unasoma matokeo ya mpira wa kikapu.

Umefaulu ukiitambua Michigan kwa kofia tu: ya buluu, yenye mabawa ya manjano mbele na mistari inayorudi nyuma. Kocha Fritz Crisler aliileta mwaka 1938, na ipo mpaka leo.

## Hatua ya 2: Geuza ratiba iwe ya saa zetu

Hapa ndipo wengi wanaanguka, tena kwa jambo dogo. Ratiba hutolewa kwa saa za mashariki ya Marekani, nazo hubadilika katikati ya msimu.

Tangu Agosti hadi mwisho wa Oktoba, saa za Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele ya Ann Arbor kwa saa saba. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma, tofauti inakuwa saa nane. Asiyejua hili hufungua simu saa nzima kabla ya mechi na kudhani imeahirishwa.

Mechi huanza zaidi katika nyakati tatu:

- Saa sita mchana ya Ann Arbor ni saa 1 usiku kwetu. Kuanzia Novemba ni saa 2 usiku.
- Saa tisa na nusu alasiri yao ni saa 4:30 usiku. Kuanzia Novemba ni saa 5:30 usiku.
- Saa moja na nusu usiku yao ni saa 8:30 usiku wa kuamkia Jumapili; kuanzia Novemba ni saa 9:30, karibu na alfajiri.

Aliye Bukavu, Kigali au Bujumbura apunguze saa moja. Aliye Muscat aongeze saa moja.

Andika kila mechi daftarini kwa saa zako na kwa siku yako. Ratiba itasema Jumamosi, lakini mechi ya usiku kwako ni Jumapili, na hapo ndipo watu huamka siku moja wakiwa wamechelewa.

Onyo: mwanzoni mwa msimu mechi nyingi huwa na tarehe bila saa. Vituo vya televisheni huchagua saa siku kumi na mbili au sita kabla ya mechi. Kwa hiyo tazama ratiba upya kila Jumatatu.

Umefaulu ukiweza kumwambia mtu, bila kufungua simu, kwamba mechi ya Jumamosi hii ni saa ngapi kwako.

## Hatua ya 3: Jifunze kanuni chache tu

Kitabu cha kanuni ni kinene na hata makocha hubishana na waamuzi. Hizi zinakutosha kwa mwezi wa kwanza.

Uwanja una urefu wa yadi 100, karibu mita 91, na kila mwisho una eneo la yadi 10 la kufungia. Kila upande unaingiza wachezaji 11. Mchezo una robo nne za dakika 15, lakini saa husimamishwa mara kwa mara, ndiyo maana mechi nzima hufika saa tatu na nusu.

Kila timu ina kikosi cha kushambulia na kikosi cha kulinda, na haviingii pamoja. Wachezaji kumi na mmoja wakitoka wote, si kwamba kocha amekasirika: mpira umehama.

Kiini cha mchezo ni dauni. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifika, inapata manne mapya. Ikishindwa mara tatu, jaribio la nne kwa kawaida huupiga mpira mbali kwa mguu ili mpinzani aanzie kwake, au hujaribu kuupitisha kati ya nguzo ikiwa iko karibu. Ikithubutu kusogea kwa jaribio la nne na kushindwa, mpinzani anauchukua mpira palepale.

Pointi ni hizi: kuuingiza mpira eneo la mwisho, yaani tachidauni, ni 6. Baada ya hapo kuna nyongeza, 1 kwa mguu au 2 kwa kuuingiza tena. Mpira uliopigwa katikati ya nguzo bila tachidauni ni 3. Kumwangusha mwenye mpira ndani ya eneo lake mwenyewe ni 2.

Sasa lifungue tokeo moja. Tarehe 30 Novemba 2024 Michigan ilikwenda Columbus ikaifunga Ohio State 13 kwa 10. Pointi 13 za Michigan ni tachidauni moja na nyongeza yake, yaani 7, halafu mipira miwili ya nguzoni, 3 na 3. Ohio State ilipata 7 na 3. Mpira wa mwisho wa Michigan ulipigwa na Dominic Zvada kutoka yadi 21 zikiwa zimebaki sekunde 45. Ukizoea kufungua tokeo hivi, namba peke yake itakuambia mechi ilikuwaje: 13 kwa 10 ni walinzi waliokataa kupitwa, 42 kwa 39 ni walinzi waliochoka.

Umefaulu ukisikia "jaribio la tatu, bado yadi nane" na ukajua kwamba timu yenye mpira imebanwa.

## Hatua ya 4: Fuatilia mechi moja kwa maandishi

Wengi hurukia video kwanza. Mimi nashauri maandishi, si kwa ajili ya bando tu. Video ya mchezo huu inakwenda kasi, watu ishirini na wawili wanagongana, na mgeni haoni kilichoamua. Maandishi yanakupa kila mchezo kwa mstari mmoja.

Utaona mstari kama huu: "3rd & 4 at MICH 46". Usome hivi: jaribio la tatu, zimebaki yadi 4, mpira uko yadi ya 46 upande wa Michigan. Kama mwishoni ingekuwa "OSU 46", yaani upande wa Ohio State, mpira ungekuwa umeshavuka nusu ya uwanja, umebakiza yadi 46 kufika. Huo ndio msamiati wote. Yanayofuata ni aliyekimbia na mpira au kurusha, na umbali aliopata.

Mechi ya kujifunzia ni ile ya Penn State, 11 Novemba 2023. Ifungue kumbukumbu yake ushuke mstari kwa mstari. Kipindi chote cha pili, rekodi ya Michigan haina pasi hata moja iliyojaribiwa. Ni kukimbia, kukimbia, kukimbia. Kila mtu uwanjani alijua kinachokuja na bado Penn State hawakuweza kukizuia. Ikaisha 24 kwa 15. Hapo utaelewa kwa nini mashabiki wa Michigan huwapenda wale watano wanene wa mstari wa mbele, ambao majina yao hayatangazwi sana, kuliko mrushaji mwenyewe.

Ukishasoma mechi mbili hivi, fungua video. Usiuangalie mpira: sekunde ya kwanza angalia hao watano. Wakiwasukuma wapinzani nyuma, yadi zinakuja.

Onyo: usiwashe arifa za timu zote. Vyuo vya daraja la juu vimezidi 130, na Jumamosi moja simu italia mpaka uichukie. Washa ya Michigan na ya Ohio State tu.

Umefaulu ukisoma robo moja ya maandishi na ukaweza kumsimulia jirani kilichotokea.

## Hatua ya 5: Soma viwango bila kuchanganyikiwa

Timu hucheza mechi 12 za kawaida, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mwishoni mwa Novemba. Michigan iko ligi ya Big Ten, na jina lisikudanganye: tangu 2024 ina timu 18, kutoka New Jersey hadi California. Tisa kati ya mechi hizo 12 ni za ligi, kwa hiyo haikutani na wote. Ndiyo maana msimamo wa ligi hautoshi na watu wanabishana kuhusu viwango.

Viwango viko vya aina mbili, na kuvichanganya ndiko kunakowapoteza wasomaji.

Kura ya AP, shirika la habari la Marekani, ni ya waandishi wa habari, ipo tangu 1936, inataja timu 25, na hutoka Jumapili. Ina heshima kubwa, lakini haimpeleki mtu popote.

Orodha ya kamati ya mtoano wa ubingwa wa taifa ndiyo inayoamua nani anaingia. Huanza kutoka mapema Novemba, kila Jumanne usiku ya Marekani, ambayo kwetu ni Jumatano kabla hakujakucha. Tangu msimu wa 2024 mtoano una timu 12. Nne za juu hupumzika raundi ya kwanza, na za tano hadi nane huwa wenyeji katika viwanja vyao.

Kwa nini timu inashinda na kushuka? Kwa sababu wapiga kura wanatazama alimshinda nani na kwa namna gani. Ukishinda kwa shida nyumbani dhidi ya timu dhaifu, na aliye nyuma yako akamshinda mkubwa ugenini, mnabadilishana nafasi. Shabiki wa soka aliyezoea pointi tatu huona kama dhuluma. Hapa ndivyo kazi inavyokwenda, na kuna ladha yake: kila mechi ya watu wengine inakuhusu.

Usikate tamaa kwa kipigo kimoja. Msimu wa 2024 Ohio State ilipoteza mbili, ikiwemo ile ya Michigan, na bado Januari 2025 ilitwaa ubingwa wa taifa. Zamani kipigo kama kile kingewamaliza.

Onyo: kanuni za mtoano zimebadilishwa mara kwa mara. Kila Agosti soma upya nani anafuzu na nani anapumzika, wala usitegemee ulichosoma mwaka juzi.

Umefaulu ukiweza kutaja, mwanzoni mwa Novemba, timu mbili unazotaka zifungwe Jumamosi hii kwa faida ya Michigan.

## Hatua ya 6: Kijue kikosi cha mwaka huu, na ukubali kitaondoka

Kikosi kinaweza kuwa na wachezaji 105. Usiwajifunze wote. Waandike tisa: mrushaji, mkimbiaji mkuu, wapokeaji wawili, mmoja wa mstari wa mbele, walinzi watatu na mpigaji wa mguu. Mbele ya kila jina andika mwaka wake chuoni, kwa kuwa ndio unaokuambia atabaki muda gani.

Usishangae ukimwona mtu wa mwaka wa tano. Mchezaji aliyecheza mechi nne au pungufu katika msimu anaweza kuuhesabu msimu huo kama hakucheza, akabaki na haki ya kucheza mwaka mmoja zaidi.

Halafu kuna uhamisho. Tangu 2018 mchezaji anayetaka kuhama huandikishwa kwenye mfumo wa wazi, na vyuo vingine vinaweza kumfuata. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya jina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Matokeo yake ni kwamba kijana uliyemshangilia Novemba anaweza kuvaa jezi ya hasimu Septemba. Makocha nao ni hivyo hivyo: Jim Harbaugh aliipa Michigan ubingwa Januari 2024, na mwezi huo huo akaondoka kwenda kufundisha timu ya kulipwa.

Binafsi naona vijana kulipwa ni haki iliyochelewa, hasa ukikumbuka fedha zilizokuwa zinaingia milangoni kwa jasho lao. Lakini kwa mfuatiliaji ina maana moja: orodha yako ya tisa iandike upya kila Agosti.

Umefaulu ukimtambua mchezaji kwa namba ya jezi kabla mtangazaji hajamtaja.

## Hatua ya 7: Mpinzani wa wiki akufungulie historia

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke.

Jumatano ya kila wiki fungua ukurasa wa mpinzani anayekuja na ujibu maswali matatu. Walikutana lini mara ya kwanza? Kuna kitu wanachogombea, kikombe au vinginevyo? Na mechi ipi kati yao bado inasimuliwa? Matokeo utayapata Bentley. Kisha nenda kwenye kumbukumbu za gazeti la wanafunzi, Michigan Daily, linaloandikwa tangu 1890 na ambalo matoleo yake ya zamani yamewekwa mtandaoni bure. Soma ripoti iliyoandikwa siku chache baada ya mechi. Aliyeiandika hakujua kitakachotokea miaka inayofuata, na ndiyo maana maneno yake yana uhai kuliko muhtasari wowote.

Chukua mfano wa wiki ya Minnesota. Mwaka 1903 Michigan ya kocha Fielding Yost ilikwenda Minneapolis ikiwa imeshinda mechi 28 mfululizo. Yost hakuyaamini maji ya wenyeji, akaagiza ununuliwe mtungi wa maji ya timu yake. Mtungi wenyewe ulinunuliwa senti 30. Mechi ikaisha sare ya 6 kwa 6, watu wakavamia uwanja, na katika vurugu Michigan wakausahau mtungi. Mlinzi wa jengo, Oscar Munson, akauokota. Michigan walipoutaka wakajibiwa: njooni muushinde. Waliupata mwaka 1909. Mpaka leo kila wakikutana, mtungi huo unapelekwa uwanjani na mshindi anaondoka nao mbio, umeandikwa matokeo ubavuni.

Ukiijua hiyo, mechi ya Minnesota haitakuwa tena mechi ya katikati ya msimu dhidi ya timu ya wastani.

Kuna mambo ambayo ratiba peke yake haitakuletea. Yatafutie nafasi katika wiki za mapumziko.

Msimu wa 1901: Michigan ilifunga pointi 550 bila kufungwa hata moja. Siku ya mwaka mpya 1902 ikacheza Rose Bowl ya kwanza kabisa, California, na kuichapa Stanford 49 kwa 0. Stanford waliomba mechi isimamishwe kabla ya muda.

Msimu wa 1934: timu ilikuwa mbovu, ilishinda mechi moja tu kati ya nane. Mechi hiyo moja ina doa. Georgia Tech ya kusini ilikataa kucheza ikiwa Willis Ward, mchezaji mweusi wa Michigan, angeingia uwanjani, na uongozi wa Michigan ukakubali kumkalisha nje. Mchezaji mwenzake na rafiki yake, Gerald Ford, alifikia kutaka kuacha timu kwa hasira. Mwishowe Ford alicheza, Michigan ikashinda 9 kwa 2. Ford alikuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 1974. Ward alikuwa jaji. Watu wakikusimulia historia ya klabu hii kwa makombe peke yake, warudishe 1934.

Mwaka 2007 Appalachian State, chuo cha daraja la chini, kilikuja Ann Arbor na kushinda 34 kwa 32. Kila mwanzo wa msimu mechi ya kwanza ikionekana nyepesi, utasikia jina hilo likitajwa kwa sauti ya chini.

Na jambo lililotugusa hata huku: usiku wa kuamkia 14 Oktoba 1960, kwenye ngazi za jengo la wanafunzi la chuo hiki hiki, John F. Kennedy aliwauliza vijana kama wako tayari kwenda kufanya kazi nchi za mbali. Mwaka uliofuata wajitolea wa kwanza wa Peace Corps, shirika la Marekani lililozaliwa na wazo hilo, walifika Ghana na Tanganyika.

Onyo kuhusu makombe: Michigan inajihesabia ubingwa wa taifa mara 12, wa mwisho 1997 na 2023. Ule wa 1997 iligawana na Nebraska, kwa sababu waandishi walimpigia huyu na makocha wakampigia yule. Miaka mingi hapakuwa na fainali, kila chombo kilimtaja bingwa wake. Kwa hiyo ukiona idadi tofauti, andika ya nani na usibishane usiku kucha. Vivyo hivyo kwa ushindi uliofutwa: Ohio State ilifutiwa ushindi wake wa 2010, ikiwemo mechi ya Michigan, ndiyo maana hesabu za kukutana kwao hazilingani katika kila kitabu. Na ubingwa wa 2023 utabishaniwa kwa sababu ya kesi ya kupeleleza ishara za wapinzani. Adhabu ya mwaka 2025 ilikuwa nzito kwa fedha na kwa makocha, lakini ushindi wa msimu ule haukufutwa.

Umefaulu ukurasa wa kila mpinzani ukiwa na mwaka mmoja, jina moja na kisa kimoja unachoweza kukisimulia bila kusoma.

## Hatua ya 8: Wiki ya Ohio State

Jumamosi ya mwisho ya Novemba usiweke harusi wala safari. Hawa ni watani wa jadi kama Simba na Yanga. Walianza kukutana 1897. Miaka witiri huchezea Ann Arbor, miaka shufwa Columbus, na kwa desturi ni saa sita mchana kwao, yaani saa 2 usiku kwetu. Hii ndiyo mechi kubwa iliyo rahisi kuliko zote kwa mtu wa Afrika Mashariki.

Jiandae kwa mechi tatu za zamani. Mwaka 1969 Bo Schembechler, msimu wake wa kwanza, aliishinda Ohio State 24 kwa 12, timu ya Woody Hayes, mtu aliyekuwa amemfundisha na kumpa kazi. Wakapambana miaka kumi; Bo akamaliza na ushindi mara tano, vipigo vinne na sare moja.

Sare hiyo ndiyo ya pili: 1973, 10 kwa 10, timu zote zikiwa hazijafungwa. Big Ten ilikuwa na nafasi moja tu ya kwenda Rose Bowl, na wakuu wa michezo wa vyuo wakapiga kura wampeleke nani. Wakampeleka Ohio State. Michigan haikupoteza mechi msimu ule na ilibaki nyumbani. Wazee wa Ann Arbor hawajaisamehe.

Ya tatu ni 2006, namba moja dhidi ya namba mbili, Ohio State 42, Michigan 39. Bo alifariki siku moja kabla.

Baada ya kuteswa muda mrefu, Michigan ilishinda minne mfululizo tangu 2021 hadi 2024. Ohio State ikaukata mfululizo huo 2025, 27 kwa 9, ndani ya Ann Arbor.

Mechi ikiwa Ann Arbor, itazame hata kama ni kwa dakika ishirini za bando. Uwanja ulifunguliwa 1927, umechimbwa kama bakuli ardhini, hivyo kwa nje hauonekani mrefu. Viti vyake ni 107,601, na tangu Novemba 1975 hakuna mechi ya nyumbani iliyokosa watu laki moja, ukiacha 2020 ya ugonjwa. Picha ya juu wakati timu inatoka kwenye njia ya chini ndiyo ya kuisubiri.

Umefaulu ukiwa na wasiwasi tangu Jumanne.

## Hatua ya 9: Desemba hadi Aprili

Jumamosi ya kwanza ya Desemba ni fainali ya Big Ten, Indianapolis. Kesho yake kamati hutangaza timu 12. Michigan ikiwemo, rudia Hatua ya 2 kwa kila mechi, maana mtoano huchezwa hata siku za katikati ya wiki. Isipokuwemo na ikawa na ushindi usiopungua sita, itapangiwa mechi ya Bowl ya mwisho wa mwaka. Usiidharau, ila ujue nyota wengi huikwepa wakijiandaa kwa timu za kulipwa.

Tuzo ya Heisman ya mchezaji bora hutolewa katikati ya Desemba. Michigan imeichukua mara tatu: Tom Harmon 1940, Desmond Howard 1991, na Charles Woodson 1997, ambaye kazi yake kuu ilikuwa kulinda.

Januari ndiyo yenye kelele za uhamisho. Usizifuate kila siku. Subiri dirisha lifungwe, halafu weka alama kwenye orodha yako ya tisa: nani kabaki, nani kahama, nani kaenda kulipwa.

Aprili timu hufanya mazoezi ya masika. Wasome wapya watakaotajwa zaidi ya mara moja na uwaandike kwa penseli. Kisha pakua ratiba mpya, fungua kurasa za wapinzani ambao hukuwahi kuwaandika, na ule wa Ohio State uongezee mstari wa mwaka uliopita, ushindi au kipigo.